Chumba cha Giza: Vitu Vilivyotupwa na Picha Ambayo Bado Haijaonekana



Somo la leo linaanzia mahali ambapo pengine hukupategemea: kwenye rundo la takataka, halafu kwenye chumba kisicho na dirisha. Tutajifunza jinsi picha inavyotengenezwa kwa mkono, bila simu, kwa kutumia vitu vya kuokota, karatasi yenye dawa, mwanga na giza. Ni ufundi wa kweli, na mwishoni utapata namna ya kuujaribu mwenyewe nyumbani kwa manjano ya jikoni.

Ila chini ya ufundi huu kuna swali. Vijana wengi wa huku kwetu Ubungo, Manzese, Mabibo na Kimara wanalo, lakini hawalisemi jumuiyani. Umemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa uliyoyategemea. Au umemaliza chuo na huu ni mwaka wa tatu unazunguka na bahasha ya vyeti. Umesali novena, umefunga Kwaresima, umeimba kwaya, na bado ukiyatazama maisha yako huoni kitu. Karatasi nyeupe. Hapo mtu anajiuliza: hivi Mungu anafanya kazi yoyote kwangu, au mimi nimeshawekwa kwenye vile vya kutupwa?

Chukua Biblia yako. Tutapita kwenye Yohane 6:1-13, Marko 4:26-29, Zaburi 139 na Matendo 2:42.

Enzi za kusafisha picha

Kama umezaliwa juzijuzi, muulize mama, shangazi au babu habari za "kusafisha picha". Zamani ulinunua mkanda wa picha 24 au 36, ukaupiga kwenye ubatizo, komunyo ya kwanza na harusi, halafu ukaupeleka studio. Ulisubiri siku kadhaa. Hukujua kama ulifumba macho mpaka ulipokabidhiwa bahasha. Hakuna kufuta, hakuna kurudia.

Kazi hiyo ilifanyika ndani ya chumba cha giza, na pwani yetu ina historia ndefu ya vyumba hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, baadhi ya studio zilizojulikana sana Zanzibar zilikuwa za Wagoa, watu ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki: studio ya A. C. Gomes, na ile ya akina Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na mwanawe akairithi kazi hiyo. Kule Lamu, ndugu yetu Mwislamu Omar Said Bakor (1932–1993) aliendesha Bakor Studio, akawa anafanya jambo ambalo wateja wake hawakuwa wamelizoea. Aliunganisha negativu zaidi ya moja, alikata na kubandika, mpaka sura ya mtu ikatokea mahali ambapo mtu huyo hakuwahi kukaa. Kwa Bakor, chumba cha giza kilikuwa karakana. Picha haikuishia pale kamera ilipolia, bali ilikuwa inaanza.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji hata kamera. Unaweka vitu moja kwa moja juu ya karatasi ya picha ndani ya giza, unawasha taa kwa sekunde chache, unazima. Palipopigwa na mwanga patakuwa peusi. Palipofunikwa na kitu patabaki peupe. Picha hiyo inaitwa fotogramu. Mmarekani Man Ray alikuwa akiishi Paris mwaka 1922 alipotoa kitabu cha picha za namna hiyo, na vitu alivyopenda kutumia vilikuwa vya kawaida kabisa, vitu vya mezani na vya kabatini. Mpaka leo wapo wasanii wanaotengeneza picha hivi: wanaokota vitu, wanavipanga, wanavipiga mwanga kwenye giza, kisha wanaichora picha juu, wanaishona kwa uzi au kuipaka chai ili ipate rangi ya uzee.

Basi tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua, na kila hatua tusikilize Injili inatuambia nini.

Hatua ya kwanza: kuokota

Fundi wa picha hizi hanunui vitu vyake dukani. Anaokota. Jaribu kutembea kutoka Ubungo Maji mpaka Mabibo ukiwa unatazama chini, utaona mwenyewe: vizibo vya soda vilivyokanyagwa, kipande cha mnyororo wa baiskeli, ufunguo ambao kufuli lake halijulikani liko wapi, kioo cha pikipiki kilichopasuka, kifuu cha nazi, jani la mwarobaini lililobaki mishipa mitupu, kipande cha khanga chenye nusu ya maneno. Ukibahatika, ndani ya kitabu cha zamani nyumbani utakuta tiketi ya basi ya tangu siku zile stendi ya mikoani ilikuwa bado Ubungo, kabla haijahamia Mbezi Luis mwaka 2021.

Vyote hivyo vingeishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Mikononi mwa fundi vinakuwa picha. Na tena, kitu kilichovunjika kinafaa zaidi kuliko kizima! Kioo kizima kinaacha kivuli cha duara tu. Kioo kilichopasuka kinapitisha mwanga kwenye nyufa zake, na kila ufa unaandika mstari wake.

Jiji letu linaijua hekima hii. Edward Saidi Tingatinga, aliyekuja Dar es Salaam kutoka Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hivi. Hakuwa na vitambaa vya wachoraji wala rangi za gharama. Alitumia vipande vya mbao nyembamba za kuezekea dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akauza kazi zake pale Oysterbay, Kinondoni. Alifariki mwaka 1972, yaani alifanya kazi hiyo miaka michache tu. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya sanaa duniani.

Sasa fungua Yohane 6. Umati umekula ukashiba. Sherehe imeisha. Mimi na wewe tungekunja mikeka tukaenda zetu. Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote (Yoh 6:12), na vinajaa vikapu 12. Jiulize: aliyeweza kulisha watu elfu tano kwa mikate mitano anahitaji makombo ya nini? Hayahitaji. Anayajali. Ndivyo alivyo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 (namba 22), alionya juu ya utamaduni wa kutupa, na alisema wazi kwamba unawagusa watu waliosukumwa pembeni sawa na unavyogusa vitu vinavyogeuzwa takataka haraka. Tunamjua mtu huyo. Ni binti aliyepata mimba shuleni, ambaye sasa watu wakimwona kanisani wananong'ona. Ni kijana aliyerudi nyumbani kutoka rehabu. Ni yule mwokota makopo anayepita asubuhi na kiroba, ambaye hakuna anayemwamkia. Ukijikuta kwenye orodha hii, isikie vizuri: katika macho ya Kristo, makombo yana vikapu vyake.

Hatua ya pili: kupanga

Baada ya kuokota, vitu vinapangwa mezani. Hapa ndipo mtu asiye mvumilivu anachoka. Unasogeza kizibo sentimita moja, unaangalia. Unageuza jani, unaangalia. Ufunguo ukae juu ya khanga au kando yake? Kazi ya saa nzima, na hujapiga picha yoyote.

Wachoraji wa zamani walilijua jambo hili. Mhispania Francisco de Zurbarán, aliyechora sana kwa ajili ya nyumba za watawa, mwaka 1633 alichora picha ya ndimu kwenye sahani, kikapu cha machungwa, na kikombe cha maji chenye ua la waridi kando yake. Basi. Hakuna mtu, hakuna malaika. Lakini vimepangwa kwa utulivu mkubwa kiasi kwamba wengi huiona picha hiyo kama sadaka iliyowekwa juu ya altare, na wataalamu wengi huisoma kama heshima kwa Bikira Maria.

Sisi Wakatoliki tunapaswa kuielewa lugha hii haraka kuliko wengine. Kila Jumapili tunakusanyika mbele ya meza yenye mkate, divai, maji kidogo, mshumaa na kitambaa cheupe. Vitu vya kawaida, vimepangwa kwa heshima, na kwa nguvu ya Roho Mtakatifu mkate na divai vinakuwa Mwili na Damu ya Bwana. Mungu wetu haoni aibu kutumia vitu.

Kupanga kunatufundisha kutazama. Siku hizi tunapitisha kidole kwenye simu, picha mia kwa dakika tano, na jioni hukumbuki hata moja. Mtu anayeweza kukaa na jani moja kwa dakika kumi anajifunza pole pole kukaa na Ekaristi kwa saa moja ya kuabudu. Na anajifunza kukaa na mgonjwa bila kutazama saa.

Hatua ya tatu: giza na taa nyekundu

Sasa tuingie chumbani. Karatasi ya picha imepakwa chumvi za madini ya fedha, na chumvi hizo zikipigwa na mwanga hubadilika. Ndiyo maana kazi lazima ifanyike gizani. Mlango ukifunguliwa wakati usiofaa, karatasi yote inageuka nyeusi na kazi imekwisha. Lakini giza lenyewe halikamiliki. Karatasi nyingi za picha nyeusi-na-nyeupe haziathiriwi na mwanga mwekundu, kwa hiyo fundi anawasha taa ndogo nyekundu ili aone anachofanya bila kuiharibu picha.

Nadhani umeshakumbuka kitu. Ingia kanisani usiku, taa zote zimezimwa. Kando ya tabernakulo kuna taa ndogo, mara nyingi nyekundu. Haiangazi kanisa zima, na huwezi kusomea kitabu. Inakuambia jambo moja tu: hauko peke yako humu.

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Fundi ameweka vitu juu ya karatasi, amewasha taa nyeupe sekunde tano, amezima. Anaviondoa vitu. Anaitazama karatasi. Anaona nini?

Hakuna. Karatasi ni nyeupe vilevile kama ilivyotoka kwenye boksi.

Lakini picha imo. Mwanga umeshaandika. Zile chumvi za fedha zimeshaguswa, kila mahali kwa kiasi chake. Ufunguo umo, jani limo, nyufa za kioo zimo zote. Jicho tu ndilo haliwezi kuona. William Henry Fox Talbot wa Uingereza alilifanyia kazi jambo hili mwaka 1840: akagundua kwamba karatasi iliyopigwa mwanga kwa muda mfupi inabeba picha isiyoonekana, na ukiipitisha kwenye dawa inayofaa picha inajitokeza. Ndani ya trei ya dawa, karatasi nyeupe inaanza kuwa na kijivu hapa, kijivu pale, halafu ndani ya dakika moja au mbili kila kitu kimesimama mbele yako. Dawa haikuileta picha kutoka nje. Imedhihirisha ambacho mwanga ulikwisha kuandika.

Kanisa linafundisha kwamba sakramenti tatu, Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu, zinatia rohoni alama isiyofutika (KKK 1121). Hata dhambi haiifuti alama ya Ubatizo, ingawa inazuia matunda yake (KKK 1272). Siku ile padre alipokumiminia maji ulilia tu, au ulilala. Hakuna jirani aliyeona tofauti ulipotoka kanisani. Lakini Mwanga alikuwa ameshaandika.

Soma sasa Marko 4:26-29. Mkulima anapanda mbegu, analala, anaamka, na mbegu inaota wala yeye hajui jinsi inavyoota. Soma na Zaburi 139, aya ya 11 hadi ya 15. Mwandishi anamwambia Mungu kwamba mbele zake giza si giza, na kwamba yeye mwenyewe alifumwa mahali pa siri. Mfikirie na Bwana wetu: alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi alipoanza kazi yake (Lk 3:23). Miaka yote ile Nazareti, seremala wa kijijini, na Injili karibu haisemi chochote. Kama Nazareti wangekuwa na simu, Yesu asingekuwa na cha kuposti.

Kijana mwenzangu, kutokuonekana hakumaanishi kutokuwepo. Mwaka wako wa tatu bila ajira unaweza kuwa mwaka ambao Mungu ameandika ndani yako uvumilivu, huruma na uhodari ambao hujauona bado. Kosa kubwa hapa ni haraka. Fundi mchanga akiona karatasi nyeupe anakata tamaa, anafungua mlango ili aone vizuri, na papo hapo anaiharibu picha iliyokuwa tayari imo. Wangapi tumewaona wakifungua mlango hivyo? Mmoja kaingia kwenye kamari ya simu kwa sababu mshahara umechelewa kuja. Mwingine kahamia kwa mtu anayemtesa kwa sababu ndoa imechelewa. Mwingine kaenda kwa mganga.

Lakini tuseme na hili

Mfano huu una mwisho wake, na ni lazima tuuone. Si kila giza ni karakana ya Mungu. Kama unapigwa nyumbani, kama kuna mtu mzima anakutendea mambo machafu, hata akiwa ni mtu anayeheshimiwa kanisani, kama hulali usiku na unawaza kujiua, usije ukaambiwa "vumilia, uko kwenye chumba cha giza". Hapana. Chumba cha giza cha fundi kina mlango, na ufunguo anao aliye ndani. Giza linalokufungia na kukunyamazisha si la Mungu. Fungua mlango leo. Mwambie mtu unayemwamini, nenda zahanati au hospitali, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, na padre au sista unayemwamini akusindikize. Kutafuta msaada ni tendo la imani pia.

Usiku mmoja Turin, 1898

Kuna picha moja iliyotoka kwenye chumba cha giza ambayo kila kijana Mkatoliki afadhali aijue. Mwaka 1898 mwanasheria Mwitaliano, Secondo Pia, aliyependa sana upigaji picha, aliruhusiwa kupiga picha ya Sanda Takatifu ya Turin, kitambaa kirefu chenye alama hafifu za mwili wa mtu aliyesulubiwa. Usiku wa tarehe 28 Mei alikuwa anasafisha kioo chake cha picha. Kwa kawaida, kwenye negativu sura ya mtu huonekana kinyume: nyeupe inakuwa nyeusi, nyeusi inakuwa nyeupe, na ni vigumu kuitambua. Pia aliona kinyume cha alivyotarajia. Kwenye negativu ndipo sura ilipoonekana wazi, uso wa mtu, macho yamefumbwa, mtulivu.

Kanisa halimlazimishi mtu kuamini kwamba hiyo ni sanda yenyewe ya Bwana. Vipimo vya mwaka 1988 vilikiweka kitambaa hicho kati ya mwaka 1260 na 1390, na mjadala unaendelea. Mt. Yohane Paulo II alipokwenda Turin mwaka 1998, miaka mia moja baada ya Pia, aliwaachia wanasayansi suala la umri, akawaalika waamini watafakari mateso ya Kristo yanayoonekana pale. Sisi kwa somo letu tuchukue hili moja: watu walikitazama kitambaa hicho kwa macho kwa karne nyingi wakaona madoa. Gizani, doa likawa uso.

Ukiifanya Njia ya Msalaba Kwaresima ijayo, simama kidogo kituo cha sita. Veronika anampangusa Bwana uso, na kitambaa kinabaki na sura. Kitu cha kawaida, kitambaa cha mkononi, kimegusana na mateso kwa upendo. Wapiga picha wengi humchukua Veronika kuwa msimamizi wao, na unaweza kuona kwa nini.

Hatua ya nne: kudumisha

Tumemaliza? Bado. Mwaka 1802, huko Uingereza, Thomas Wedgwood na Humphry Davy waliandika jinsi walivyopata picha za majani na mabawa ya wadudu kwenye karatasi na ngozi zilizopakwa dawa ya fedha. Picha zilitoka vizuri. Tatizo likawa moja: hawakujua namna ya kuzidumisha. Wakitaka kuzitazama ilibidi watumie mwanga hafifu wa mshumaa, kwa sababu zikitolewa juani zinageuka nyeusi zote na kupotea. Ilibidi dunia isubiri. John Herschel alikuwa amegundua mwaka 1819 dawa inayoyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 ikaanza kutumika kwenye picha: inaondoa chumvi ambazo hazijaguswa na mwanga, ili jua likija lisipate cha kuharibu. Hapo ndipo picha iliweza kutoka nje ikaishi.

Vijana, hapa tunaumia. Tunajua kupata picha. Mafungo ya siku tatu tunalia, semina ya VIWAWA tunawaka, kongamano la TYCS tunaapa. Tukishuka kwenye daladala Jumatatu, jua la mjini linatupiga, na kufika Ijumaa hakuna alama. Siyo kwamba tulidanganya kule mafungoni. Picha ilikuwa ya kweli. Haikudumishwa.

Luka anatupa dawa yake kwenye Matendo 2:42. Wakristo wa kwanza walidumu katika mambo manne: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate, na sala. Yatafsiri kwa maisha ya mtaani kwako. Mafundisho: soma Injili ya siku kabla hujafungua mitandao. Ushirika: usikose jumuiya ndogo ndogo, hata kama ni wewe kijana pekee kati ya akina mama wa WAWATA. Kuumega mkate: Misa ya Dominika, na Kitubio ili kuondoa kile ambacho kikibaki kitaharibu picha. Sala: hata dakika tano, lakini kila siku, saa ileile.

Na kumbuka tofauti moja. Karatasi hudumishwa mara moja. Sisi ni kila siku.

Zoezi: picha ya manjano na jua

Hili mnaweza kulifanya kikundi kizima cha vijana kwa gharama ndogo. Halihitaji dawa za fedha wala kamera. Huyohuyo Herschel alichunguza mwaka 1842 jinsi rangi za mimea zinavyofifishwa na jua, na sisi tutatumia njia hiyo.

1. Changanya kijiko kimoja cha manjano ya unga na vijiko vinne vya spiriti ya dukani. Fanyeni nje, mbali kabisa na jiko na kiberiti kwa sababu spiriti inashika moto haraka, na awepo mtu mzima. Chuja kwa kitambaa. Mchanganyiko huu hauliwi wala haunywewi.

2. Paka kwenye karatasi nyeupe nene kwa brashi au sifongo. Iache ikauke ndani ya kabati au boksi lililofungwa. Hicho ndicho chumba chako cha giza.

3. Nenda kaokote vitu vitatu vilivyotupwa. Chagua vilivyo bapa. Kitu bapa kinaacha umbo kali, kilichoinuka kinaacha ukungu pembeni. Vipange juu ya karatasi bila haraka, ufunike kwa kioo cha fremu ya zamani ili visisogee.

4. Weka juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Siku ya mawingu iache zaidi. Hapa kazi inakwenda kinyume na ile ya fedha: mwanga unafifisha manjano, na palipofunikwa rangi inabaki.

5. Ondoa vitu. Yeyusha magadi kidogo kwenye maji, ipitishe karatasi humo kwa upole, na utaona manjano yaliyobaki yakigeuka kuwa ya rangi ya udongo mwekundu. Suuza, anika kivulini.

6. Ukitaka, andika juu yake kwa kalamu, shona uzi, bandika kipande cha tiketi. Ni kazi ya mkono wako, ipambe.

Picha hii haina dawa ya kuidumisha. Ukiibandika ukutani penye jua itafifia kidogo kidogo. Iweke ndani ya Biblia yako, na kila ukiifungua ikukumbushe hatua ya nne.

Maswali ya kushirikishana

Je, ni kitu gani katika maisha yako ambacho umekuwa ukikiita takataka, na ungeogopa kukipanga mezani mbele ya Mungu?

Ni mlango gani unaotamani kuufungua kabla ya wakati, na nani anaweza kukaa nawe ukisubiri?

Katika mtaa wenu, nani amegeuzwa "kitu cha kutupwa"? Kikundi chenu kitafanya nini kwa ajili yake kabla ya mwezi kuisha?

Kati ya mambo manne ya Matendo 2:42, lipi limelegea kwako?

Azimio la wiki

Tafuta tarehe yako ya ubatizo. Ipo kwenye cheti au kwenye kitabu cha parokia. Siku hiyo Mwanga aliandika. Iandike nyuma ya picha yako ya manjano.

Sala

Ee Bwana Yesu, Mwanga wa kweli, wewe uliagiza makombo yakusanywe, tukusanye na sisi. Sisi tuliopasuka, pita kwenye nyufa zetu. Sisi tusioona kitu, tupe subira ya mkulima aliyelala na kuamka huku mbegu yake inaota. Wale waliofungiwa kwenye giza la ukatili, uwafungulie mlango, na utufanye sisi kuwa mikono yako ya kuwafungulia. Uliyoanza ndani yetu siku ya Ubatizo uyadumishe mpaka siku ile tutakapouona uso wako. Mt. Yosefu wa Nazareti, utuombee. Bikira Maria, Mama wa Msaada wa Daima, utuombee. Amina.

Mkifanya zoezi hili kigangoni au parokiani, mwoneshe paroko wenu picha zenu, na mwalikeni aokote kitu chake pia. Tumsifu Yesu Kristo!